Bomba la Moshi la Pikipiki ya Chama: Maradhi Yake na Utunzaji Wake

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wetu wa mwisho yaliulizwa maswali mawili juu ya pikipiki ya chama iliyoko Mbweni. La kwanza, kwa nini pikipiki ile ilikuwa ikinguruma mpaka majirani wakalalamika. La pili, kwa nini fedha za chama zitumike juu ya bomba la moshi, kitu ambacho mtu akikitazama haoni ila bomba tupu. Mwanachama mmoja alisema, "Moshi utatoka tu, kuwe na bomba kusiwe na bomba." Tuliahidi kujibu kwa maandishi, na ahadi ni deni. Haya hapa majibu, na ndani yake mna mafunzo kwa kila mwanachama mwenye pikipiki, kubwa au ndogo.

Kwanza tuondoe shaka moja. Wako waliodhani kuwa pikipiki iko Mbweni yetu ya Unguja, kusini ya mji. Siyo. Mbweni tunayoitaja ni ile ya Bara, katika wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam, pwani ya kaskazini, upande wa kuelekea Bagamoyo. Huko ndiko akaako karani wetu anayetupokelea barua, magunia na majamvi na kuyafikisha bandarini yapate kuvuka. Kutoka Mbweni hata bandarini ni mwendo mrefu, na ndiyo sababu chama kikanunua pikipiki ya safari badala ya ndogo.

Pikipiki yenyewe ni BMW R 80 RT ya mwaka 1985. Tuliinunua kwa msafiri aliyemaliza safari yake Dar es Salaam, akawa hana haja ya kurudi nayo kwao. Ina silinda mbili zilizolala, moja kulia na moja kushoto kama mikono ya mtu aliyejinyoosha, na nguvu zake ni za farasi 50. Ni chombo imara. Lakini chombo kikishapita miaka 40 hakitaki kupuuzwa, na sisi, lazima tuseme kweli, tulikipuuza. Kosa si la aliyeunda pikipiki wala la aliyetuuzia. Ni letu.

Kazi ya bomba la moshi

Mafuta yanapowaka ndani ya silinda, moshi hutoka kwa mkupuo, si kwa mtiririko kama maji ya mfereji. Injini ya namna hii ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda hupiga mara 25 kwa sekunde moja. Kila pigo ni mshindo kama wa bunduki ndogo. Bomba huupokea moshi ule ukiwa wa moto mkali, huupeleka nyuma mbali na mpanda pikipiki, kisha huuingiza katika lile kopo refu ambalo mafundi huliita ekzosi. Ndani ya ekzosi mna vyumba na vijibomba vyenye matundu. Moshi huzungushwa humo, nguvu yake hupungua na sauti hufifia kabla ya kutoka nje.

Basi kazi zake ni tatu: kunyamazisha sauti, kuondoa joto na sumu karibu na mtu, na kuisaidia injini ipumue kwa kiasi ilichowekewa. Kabureta hupimwa pamoja na bomba lake. Ukilibadili bomba au ukalitoboa, kipimo cha hewa na mafuta huweza kuharibika, na injini ikawa na joto kupita kawaida. Vijana wengi hung'oa vyumba vya ndani wakidhani pikipiki itakwenda mbio zaidi. Mara nyingi wanachokipata ni makelele, na pengine faini.

Kwa nini bomba huoza kwa ndani

Hili liliwashangaza wengi mkutanoni, kwa hiyo tulieleze vizuri. Petroli ikiungua huzaa maji. Lita moja ya petroli ikiungua yote hutoa karibu lita moja ya maji, ila hutoka kama mvuke na hatuyaoni. Asubuhi injini ikiwa baridi, huonekana moshi mweupe na matone kwenye ncha ya bomba. Hayo ndiyo maji yenyewe.

Pikipiki ikienda safari ndefu, bomba hupata moto mkali na mvuke wote hutoka. Lakini ikiwashwa kwa kwenda dukani tu na kurudi, bomba halipati moto wa kutosha, mvuke hugeuka maji na kutuama chini ya ekzosi. Maji hayo huchanganyika na masizi na yana ukali wa tindikali. Hukaa humo siku kucha yakila chuma. Kwa nje bomba lang'aa, kwa ndani limekwisha kuwa kama karatasi.

Huko Mbweni yameongezeka mawili. La kwanza ni bahari. Upepo wa pwani huleta chumvi, na chumvi hula chuma kwa haraka. Hata kile chuma kisichoshika kutu kwa urahisi hakisalimiki kabisa na chumvi. La pili ni letu wenyewe. Msimu wa karafuu ukiwa mdogo, safari za bandarini huwa chache, na karani alikuwa akiitumia pikipiki kwa vijisafari vya karibu tu. Tulidhani twaitunza kwa kutoichosha, kumbe twaiozesha.

Yaliyotokea

Dalili zilianza mapema, nasi tukazidharau. Kwanza ulisikika mlio wa "tak, tak" upande wa kushoto asubuhi, ambao ulikuwa ukipotea injini ikishika moto. Huo ni moshi uliokuwa ukivuja pale bomba linapoungana na kichwa cha silinda. Chuma kikipata moto hutanuka, na ufa hujibana. Halafu pikipiki ikawa inapiga mishindo kila karani anapoachia mafuta kwenye mteremko. Hiyo ni hewa ya nje iliyovutwa ndani kupitia ufa, ikakutana na mafuta yasiyoungua, yakawaka ndani ya bomba. Mwisho ekzosi ya kulia ilitoboka chini, na ngurumo ikaanza. Karani alituandikia mara mbili. Tulimjibu asubiri msimu.

Basi wakati wa mvua za masika, siku moja mvua ilikuwa kubwa, naye alitaka kuipima injini kabla ya safari. Aliiingiza pikipiki ndani ya ghala, akafunga mlango ili majamvi yasirowe, akaiwasha. Alikaa akisikiliza karibu na silinda ya kushoto, pale penye ufa. Baada ya muda kichwa kilianza kumuuma, akadhani ni njaa. Kisha miguu ikamlegea. Alipojaribu kuufikia mlango alianguka. Jirani aliyekuja kulalamikia kelele ndiye aliyefungua mlango, akamkuta chini, akamburura nje kwenye mvua. Alipelekwa hospitali na, alhamdulillahi, amepona na yumo kazini.

Ndugu zetu, hilo ndilo jibu la aliyesema moshi utatoka tu. Utatoka, ndiyo. Swali ni utatokea wapi.

Sumu isiyoonekana

Katika moshi wa petroli mna hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Damu yetu huchukua hewa safi kutoka mapafuni, lakini hewa hii ya sumu hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi. Ikishakamata nafasi, mtu hukosa pumzi ingawa anapumua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea, kisha kuzimia. Aghalabu mtu hadhani ni sumu. Hudhani ni uchovu, na huku nguvu za kujiokoa zamwisha.

Kwa hiyo kanuni ni hii, na twaomba ibandikwe katika kila ghala la mwanachama: *injini haiwashwi ndani ya chumba, hata mlango ukiwa wazi.* Hii ni pamoja na jenereta na pampu ya maji. Ukimkuta mtu ameanguka penye injini, kwanza fungua milango, mtoe nje penye hewa, kisha umpeleke hospitali hata kama amezindukana na kusema yu mzima. Wala wewe usikawie humo ndani, usije ukawa wa pili.

Namna tulivyoitengeneza

Bomba la pikipiki hii hushikwa kwenye kichwa cha silinda kwa nati kubwa ya mviringo yenye mapezi. Nati ile huingia juu ya hesi zilizochongwa kwenye kichwa chenyewe, na kichwa ni cha aluminiamu, chuma laini. Nati ikikaa miaka bila kufunguliwa, joto na masizi huigandisha. Mtu akiilazimisha, nati hutoka pamoja na hesi za kichwa, na hapo gharama hugeuka nyingine kabisa, kwani kichwa lazima kiende kwa fundi wa kukereza.

Fundi wa kwanza aliyeitwa alikuja na spana ya bomba na kipande cha mtaimbo. Karani alimzuia, naye alifanya vyema. Fundi wa pili alikuwa mtu wa subira. Nati ya kulia aliipaka mafuta ya kulainisha siku mbili, ikafunguka. Ya kushoto ilikataa. Basi hakuilazimisha. Aliikata kwa msumeno baina ya mapezi, akaishia karibu na hesi bila kuzigusa, kisha akaipasua kwa tindo kwa pigo dogo. Nati ilipotea, kichwa kikapona. Nati hununuliwa, kichwa ni mali adimu. Ndiyo maana ya kusema mwenye hekima hupoteza kidogo asipoteze kingi.

Kisha alikagua bomba lote kwa kuligongagonga na mpini wa bisibisi. Penye uzima chuma hulia, penye kuoza husikika mlio mfu. Mabomba ya mbele yalikuwa mazima. Lile bomba fupi linalounganisha upande wa kulia na wa kushoto lilikuwa limetoboka, na ekzosi ya kulia ilikuwa imekwisha.

Bomba fupi lilichomelewa kiraka. Hapa tulijifunza mambo matatu. Kwanza, bomba livuliwe kabla ya kuchomelewa. Kama haiwezekani, nyaya za betri zifunguliwe, kwani umeme wa kuchomelea huweza kuharibu vyombo vya umeme vya pikipiki. Pili, chuma kilichooza kikatwe mpaka kupatikane chuma kizima. Kiraka kilichowekwa juu ya kutu hakidumu hata msimu mmoja. Tatu, kiraka kisiwe cha bati la kuezekea. Bati lina zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi unaomtia fundi homa na baridi usiku wake. Kitumike chuma cheusi kisichopakwa kitu.

Ekzosi ya kulia haikuwa ya kutengenezeka. Wajumbe walitaka ichongwe bomba tupu lisilo na vyumba ndani, kwa kuwa ni rahisi. Tulikataa, kwa sababu tulizokwisha kuzitaja, na kwa sababu ya majirani. Yule jirani aliyekuja kulalamikia kelele ndiye aliyemwokoa karani wetu. Si haki tumlipe kwa kumwongezea kelele. Ikatafutwa ekzosi iliyotumika lakini nzima, ya aina ileile.

Wakati wa kufunga, kila kitu kilitiwa kwanza kwa kulegea. Kisha zikakazwa nati za kichwani, halafu vibano vya kati, mwisho vishikizo vya nyuma. Ukianza nyuma, bomba hukaa limejipinda, na mtikisiko hulipasua baadaye. Hesi zote zilipakwa grisi ya shaba inayostahimili moto, ili mwakani nati zifunguke kwa upole. Injini ikawashwa nje ya ghala, ikashika moto, ikaachwa ipoe, nati zikakazwa tena.

Utunzaji wa kila siku

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya ndiyo tuliyomwandikia karani, nayo yafaa kwa pikipiki yoyote:

1. Kila wiki pikipiki iende angalau safari moja ndefu, injini ishike moto barabara, ili maji yaliyomo ndani ya bomba yakauke.

2. Ikitoka njia ya pwani ioshwe kwa maji ya kisima au ya mfereji, si ya bahari. Bomba likiwa la moto lisimwagiwe maji, lisije likapinda au kupasuka. Lipoe kwanza.

3. Ekzosi nyingine zina kitundu kidogo chini. Kimewekwa kwa kusudi la kutoa maji. Kisizibwe. Kizibuliwe kwa waya.

4. Kila mwezi tazama maungio. Penye alama nyeusi ya masizi pana uvujaji. Kama huna hakika, paka maji ya sabuni injini ikiwa baridi, kisha iwashe. Penye kuvuja patatoa mapovu.

5. Tazama vishikizo vya nyuma. Kimoja kikivunjika, uzito wote wa ekzosi huning'inia kwenye kichwa cha silinda, na bomba hupasuka kwa mtikisiko.

6. Kutu ikianza kwa nje, isuguliwe kwa brashi ya waya na msasa, ipakwe rangi ya kustahimili moto. Lakini ijulikane kuwa rangi haiponyi kutu ya ndani.

7. Kila mwaka nati za kichwani zifunguliwe, zisafishwe, zipakwe grisi na kufungwa tena.

8. Pikipiki ikikaa muda mrefu bila kazi, ncha ya bomba ifunikwe kwa kitambaa, kwani nyigu hupenda kujenga humo. Kitambaa kiwe cha rangi ya kuonekana, kisije kikasahauliwa.

Rangi ya moshi

Moshi nao husema, mwenye kuujua huuelewa. Mweupe mwepesi asubuhi ni mvuke wa maji, wala si ugonjwa. Mweusi ni mafuta kuzidi hewa. Kitazamwe kichujio cha hewa, pengine kimejaa vumbi, kisha kabureta. Wa buluu ni oili inayoungua, na hapo bomba halina kosa. Maradhi yamo ndani ya injini, kwenye ringi au valvu.

Kwa wenye pikipiki ndogo

Wanachama wengi wana pikipiki ndogo za silinda moja, za kupandia shamba na za bodaboda. Hizo bomba lake hushikwa kwa nati mbili ndogo juu ya stadi mbili, na katikati mna pete laini ya kuziba uvujaji. Kila bomba linapofunguliwa, pete ibadilishwe. Kama pete ni ya shaba nyekundu tupu na imepatikana kwa shida, huweza kulainishwa kwa kuitia motoni mpaka iwe nyekundu, kisha kuipoza majini. Nati zikazwe zamu kwa zamu, kidogo huku kidogo huku, ili bomba likae sawa. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, stadi hukatika, na kuitoa stadi iliyokatika ni kazi ya siku nzima.

Jambo jingine ni watoto na akina mama wanaopakiwa nyuma. Bomba la moto huunguza mguu kwa mguso mmoja tu, na wengi wetu tuna alama hizo. Kile kibati cha kuzuia joto kisitupwe. Abiria apande na kushuka upande usio na ekzosi. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20, asipakwe dawa ya meno, oili wala chumvi, na jeraha likiwa kubwa aende hospitali.

Karafuu na bomba la moshi

Mwisho tuseme jambo linalotuhusu kuliko yote. Karani alipofungua mzigo wa magunia mwezi ule, gunia la chini lilikuwa limeungua mviringo mweusi, pale lilipogusa ekzosi. Yalikuwa magunia matupu, tukanusurika. Fikirini yangekuwa na karafuu. Karafuu ina mafuta ndani yake, na uzuri wake ni harufu yake. Gunia lililoungua au kukaa penye moshi wa petroli huiharibia mwanachama kazi yote ya kuchuma, kuchambua makonyo na kuanika, nayo ikifika kituoni huenda ikateremshwa daraja. Kwa hiyo mzigo wa karafuu ufungwe juu ya kichukulio, uwe mbali na bomba, wala pikipiki isiegeshwe penye majamvi ya kuanikia au penye majani makavu hali bomba lake li moto.

Hayo ndiyo maelezo yetu. Hesabu ya matengenezo, na stakabadhi zake zote, zitawekwa mezani katika mkutano ujao kila mwanachama azione. Pia tutaleta maombi mawili. La kwanza, litengwe fungu dogo kila msimu kwa utunzaji wa pikipiki, ili karani asiambiwe tena asubiri. La pili, lijengwe banda la makuti lisilo na kuta kando ya ghala la Mbweni, pikipiki ikae kivulini na kutengenezwa penye hewa. Atakayeona fungu hilo ni kubwa, twamwomba kwanza amfikirie karani wetu akiwa chini ndani ya ghala, na mlango umefungwa.

Wasalaam,

Katibu wa Chama